Mvinyo wa shamba dogo la Austria mezani Mombasa: kuutafuta, kuuonja na kuuandalia samaki wa kupaka

Babu yangu alikuwa mgema kule Rabai. Alfajiri alikwea minazi yake 14 kugema pombe tunayoiita mnazi, na jioni akairudia yote. Wateja waliomjua hawakuanza na bei. Waliuliza: huu ni wa mti gani, na umeshuka saa ngapi? Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una makali, na ukilala mpaka kesho kutwa ni siki. Mtu aliyenunua mangweni bila kuuliza alikunywa alichopewa.

Nimehudumu mezani katika hoteli za Nyali na Shanzu kwa miaka 19, na kwa muda mrefu nilimimina mvinyo wa Ulaya bila kuuliza maswali ya babu. Nilijua nyeupe na nyekundu, ghali na rahisi, basi. Mwaka 2017 nilipata nafasi ya kwenda Krems, Austria, miezi mitatu kujifunza kazi, na huko nikakutana na familia moja inayolima zabibu, kuzikamua na kuuza mvinyo wake mlangoni pao. Tangu siku ile nimekuwa nikiwafundisha wenzangu kazini, na sasa naandika kwa yeyote wa Pwani anayekunywa mvinyo na anayependa chakula chetu.

Jambo ninalotaka ulishike kabla ya yote ni hili: mvinyo mweupe wa Austria unakaa mahali pa ndimu. Kazi ambayo ndimu inaifanya kwenye samaki, kwenye muhogo wa kukaanga, kwenye mchuzi mzito wa nazi, mvinyo huu unaifanya pia. Ukienda nao kwa njia hiyo hutapotea.

Mjue mkulima kwanza

Milima imeijaza Austria upande wa magharibi, kwa hiyo mizabibu karibu yote iko mashariki: Niederösterreich, Burgenland, Steiermark, na hata ndani ya jiji la Vienna kwenyewe. Usijaribu kuzunguka kote. Chagua bonde moja. Mimi nasema Kamptal au Wachau, kwa sababu zinapakana na Krems, na Krems unafika kwa treni kutoka stesheni ya Franz-Josefs-Bahnhof, Vienna, kwa takriban saa moja. Wachau ni ukingo wa mto Danube, kutoka Melk hadi Krems, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kamptal ni bonde la mto Kamp, na mji wake ni Langenlois.

Zabibu ya kuanzia ni Grüner Veltliner, ya mvinyo mweupe. Imechukua karibu theluthi moja ya mizabibu yote ya nchi ile, na karibu kila mkulima wa mabonde haya anayo. Hiyo inakusaidia sana: ukionja Grüner ya huyu na ya jirani yake, unalinganisha mikono ya watu wawili na udongo wa mahali pawili, wala si zabibu mbili tofauti.

Udongo wenyewe nenda ukaushike. Pale Langenlois wana udongo wanaouita loess, vumbi lililopeperushwa na upepo zama za barafu likatua tabaka juu ya tabaka. Ni wa rangi ya ufuta uliokaangwa kidogo. Ukiukwangua kwa ukucha unatoka unga, lakini ukichimbwa unasimama wima kama ukuta, na wazee walichimba ndani yake maghala ya mvinyo yasiyohitaji matofali. Grüner inaupenda kwa sababu unashika maji. Juu zaidi, kwenye matuta ya mawe, wanapanda Riesling, nyeupe pia, ambayo mizizi yake huvumilia ukame wa mwamba. Mwenyeji wangu aliniwekea glasi mbili mezani, moja ya bondeni na moja ya mawe, akanyamaza. Ya bondeni ilijaa kinywani, laini. Ya mawe ilinikaza mashavu.

Ukitaka kuingia kwa mkulima mdogo bila kujuana naye, mlango wake ni Heuriger, yaani nyumba ya mkulima inayouza mvinyo wake. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II alitoa amri iliyowaruhusu wakulima kuuza mvinyo wao wenyewe nyumbani, pamoja na chakula chao, na desturi hiyo ipo hadi leo. Hawafungui mwaka mzima. Familia hii hufungua majuma kadhaa, kisha wanafunga na jirani anafungua. Alama ni kitawi cha msonobari kilichotundikwa juu ya mlango: ukikiona, ingia. Hakipo, usibishe hodi kwa ajili ya kunywa. Glasi yao ndogo ni sehemu ya nane ya lita, wanaiita Achtel. Chakula ni cha baridi: mkate mweusi, nyama ya nguruwe iliyookwa jana, na jibini laini lililopondwa na paprika, jina lake Liptauer.

Kwenda shambani penyewe ni jambo jingine, na hapo piga simu kwanza. Epuka Septemba na Oktoba. Ni mavuno, na kila mkono uko shambani. Mimi nilifika katikati ya Septemba kwa kutojua. Mama wa nyumba alinitazama, akatazama saa, akaniletea mkasi na ndoo. Nikakata zabibu naye mpaka adhuhuri. Kisha akaniletea chupa iliyozibwa nusunusu, ndani kuna kitu chenye ukungu kama maji ya mchele, kinachemka. Wao wanakiita Sturm, ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchachuka lakini hayajawa mvinyo. Hawazibi chupa kabisa kwa sababu itapasuka. Nilipoonja, utamu mbele, makali nyuma, povu puani, nikamwona babu yangu akishuka mnazini na kibuyu kiunoni. Niliwaambia kwetu tuna kinywaji hiki, kinatoka juu ya mti, nacho hakizibwi. Mama yule akaniuliza maswali ya mgema kwa nusu saa nzima: mnakata wapi, mara ngapi kwa siku, mti unaumia? Urafiki wetu ulianzia hapo.

Kwa hiyo ukienda, nenda na maswali. Uliza mvinyo huu umetoka shamba gani na udongo gani. Uliza zabibu zilichumwa kwa mkono au kwa mashine. Na swali linalonipa mimi jibu bora kila mara ni hili: nyie wenyewe nyumbani mnakunywa upi? Mara nyingi hawakuelekezi kwenye chupa ya bei kubwa. Wanakuelekeza kwenye ile ya kawaida ya mwaka jana, na hiyo ndiyo itakayokwenda na chakula chetu.

Kuonja kwa kusikiliza mate

Onja kuanzia nyepesi kwenda nzito. Tema, ndoo ipo kwa kazi hiyo, na hakuna anayeona vibaya. Nusa kabla ya kunywa. Grüner nzuri inanukia pilipili manga nyeupe na balungi, nyingine inaleta tufaha bichi. Riesling inaelekea kwenye pichi. Kuna moja iitwayo Gelber Muskateller ambayo ukiinusa unadhani umepita mbele ya duka la halua: waridi na kungumanga.

Kisha kunywa kidogo, tema, uhesabu. Mate yanakuja pembeni mwa ulimi? Yanakuja kwa muda gani? Huo ndio uchachu, na uchachu ndio unaoutafuta. Mvinyo ambao hauleti mate, mezani kwetu utazama ndani ya tui la nazi, hutausikia tena. Mimi nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mate yakiwa bado yanakuja nikifika kumi, nanunua.

Kusoma chupa

Kama huendi Austria, basi chupa ndiyo mkulima wako, na inasema mengi. Tafuta neno Gutsabfüllung au Erzeugerabfüllung: maana yake mwenye shamba ameutia chupani mwenyewe, kwa zabibu zake. Neno Weingut peke yake ni shamba la mvinyo. Juu ya kifuniko tazama alama ya bendera, nyekundu-nyeupe-nyekundu. Mvinyo wa daraja la Qualitätswein lazima uwe na alama hiyo, pamoja na nambari ya serikali inayoonyesha umepimwa maabara na kuonjwa na watu kabla ya kuuzwa.

Ukali huo wa sheria una historia. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakitia kemikali iitwayo diethylini glikoli ili mvinyo uonekane mzito na mtamu. Nchi nyingi zilikataa kuununua, na wakulima wadogo wasio na hatia waliumia pamoja na waovu. Wazee wetu walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sheria iliyoandikwa baada ya aibu ile ni miongoni mwa zile kali kabisa duniani, na ndiyo sababu nawaambia wenzangu waiamini alama ya bendera.

Neno trocken ni mkavu, usio na sukari ya kusikika. Halbtrocken una utamu kidogo. Süss ni mtamu hasa. Kwenye chupa za Wachau utakuta majina matatu yanayokuambia uzito: Steinfeder haizidi kileo asilimia 11.5, Federspiel iko kati ya 11.5 na 12.5, na Smaragd inaanzia 12.5 kwenda juu. Steinfeder ni jina la nyasi za pale, Federspiel limetoka kwenye uwindaji wa mwewe, na Smaragd ni mjusi wa kijani anayeota jua kwenye kuta za mawe shambani. Kwa Mombasa, kwa joto letu na pilipili yetu, chukua Federspiel. Kileo kikubwa huwasha pilipili mara mbili. Jaribu mwenyewe siku moja na achari, utaamini.

Na usikwepe chupa ya kifuniko cha kusokota. Austria hata mvinyo wa maana huzibwa hivyo.

Joto la Mombasa

Hapa ndipo mvinyo mzuri unapouawa. Nilishawahi kununua Grüner katika duka moja la mjini, chupa imesimama rafu ya juu, taa inaiwakia, kiyoyozi kimezimwa usiku kucha. Rangi ilikuwa imegeuka kuwa ya chai nyepesi. Nilipofungua, tufaha lilikuwepo, lakini la kupikwa, na mate hayakuja kabisa. Nililipa bei kamili kwa chupa iliyokufa, na liliniuma kwa sababu najua mikono iliyochuma zabibu zile.

Tangu hapo nanunua kwa waagizaji wanaohifadhi penye ubaridi, na nachagua mwaka wa karibuni. Chupa haikai kwenye buti la gari. Foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana inatosha kuimaliza. Nyumbani inalala ndani ya friji, chini kabisa. Ukirudi kutoka safari, forodha inakuruhusu lita 2 za mvinyo bila ushuru kama umefika miaka 18, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi inabaki. Mimi huzifunga moja moja kwenye leso, mizunguko mitatu, kisha katikati ya nguo. Hazijawahi kuvunjika.

Siku ya kunywa, ndoo ya barafu pekee haitoshi. Tia barafu, maji, na konzi mbili za chumvi; dakika 20 chupa iko tayari. Anza nyuzi 7, maana kwenye baraza la Mombasa itapanda hadi 10 kabla hujakaa vizuri. Mimina kidogo kidogo, na chupa irudi ndooni.

Mezani

Nianze na samaki wa kupaka, kwa sababu ndiye aliyenifundisha yote haya. Anayenipikia ni shoga yangu wa Kibokoni, ambaye ni Muislamu na hagusi mvinyo. Anapika, anakaa nami, ana juisi yake ya ukwaju. Ulimi wake ni mkali kuliko wa mtu yeyote niliyefanya naye kazi.

Changu mzima, amechanjwa mbavuni, amepakwa thomu, tangawizi, pilipili na chumvi. Anabanikwa juu ya vifuu mpaka ngozi ianze kujikunja. Tui zito, lile la mkamuo wa kwanza, linapikwa pembeni na manjano na pilipili, linakorogwa upande mmoja bila kuachwa, mpaka linashika mwiko. Kisha anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, na kila tone linalodondoka motoni linarudi kama moshi juu ya samaki. Mwisho kabisa, ndimu.

Mara ya kwanza nilipoleta Grüner niliitia ndimu yote kama kawaida, na mvinyo ukawa kama maji. Shoga yangu ndiye aliyeligundua tatizo kwa kunitazama tu. "Mwenzangu," akaniambia, "si ulisema hicho chako ni kichachu? Sasa mbona umetia ndimu mbili mahali pa moja?" Akabanika wa pili, akapunguza ndimu nusu. Pale nikaelewa. Tui lina mafuta, mafuta yanapaka ulimi, na uchachu wa mvinyo unakuja kuusafisha ili tonge linalofuata liwe kama la kwanza. Moshi wa vifuu na ile harufu ya pilipili manga vikakutana. Kwa hiyo kanuni ninayowapa wapishi wetu ni: pika kama kawaida, ondoa nusu ya ndimu, glasi itaimalizia. Na anayekunywa ukwaju apewe kipande chake cha ndimu pembeni kama anakitaka, ingawa ukwaju nao unafanya kazi ileile.

Pweza wa nazi anafuata njia hiyohiyo. Kamba wa kukaanga na thomu nawapa Riesling kavu, maana kamba wana utamu wao.

Muhogo wa kukaanga wa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, ule unaochanwa katikati na kunyunyiziwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu, ununue, uupeleke nyumbani ungali moto, na umwambie muuzaji asitie ndimu. Na Grüner nyepesi iliyopoa sana, sijaona chakula cha bei ndogo kinachopata mwenzi mzuri zaidi. Viazi vya karai na ukwaju wake ni vigumu kidogo kwa sababu ukwaju unashindana na mvinyo. Hapo wafuate Waaustria wenyewe: nusu mvinyo, nusu maji ya soda, jina lake G'spritzter. Kwao wanakunywa hivyo wakati wa joto na hakuna anayeshangaa.

Pilau inataka nyekundu, lakini nyekundu nyepesi. Zweigelt ni zabibu iliyozalishwa na Friedrich Zweigelt mwaka 1922 kwa kuchanganya zabibu mbili, Blaufränkisch na St. Laurent, na mvinyo wake una tunda jekundu na ukakasi mdogo. Ipoze hadi nyuzi 15. Bizari nzima na iliki za pilau zinaupenda. Mishkaki ya ng'ombe iliyoungua kidogo pembeni, basi Blaufränkisch ya Burgenland: inaleta zambarau mbivu, na ukakasi wake unashika nyama kama zambarau inavyoshika meno.

Biriani inanishinda na chupa nyingi. Kitunguu cha kukaanga, mtindi, zafarani, nyanya, kila kimoja kinavuta kwake. Nimepata amani na Riesling iliyo halbtrocken peke yake. Mahamri na mbaazi usiyaguse. Yana chai yake. Halua pia. Burgenland kuna mvinyo mtamu wa ajabu, karibu na ziwa Neusiedl, ambako ukungu wa ziwa unaleta kuvu inayokausha zabibu mtini na kuukusanya utamu, na mji wa Rust una jina kwa mvinyo huo. Nimeujaribu na halua. Utamu juu ya utamu, vyote viwili vikapoteza. Halua na kahawa chungu vimekwishaoana zamani. Mvinyo ule upe embe lenye uchachu kidogo, au unywe peke yake, glasi ndogo.

Chupa ikibaki nusu, sokota kifuniko, irudishe friji, siku ya pili bado ni nzima na wakati mwingine imefunguka zaidi. Siku ya tatu itie kikombe kimoja kwenye mchuzi wa kamba kabla ya kuteremsha tui, kama mezani hakuna asiyetumia kileo. Na kama ulionunua kwao una anwani kwenye chupa, waandikie. Mimi niliwatumia ile familia picha ya changu juu ya vifuu na glasi pembeni. Walijibu siku ileile: mama anauliza, tui linakamuliwaje? Nikampiga picha mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu, nikamwandikia hatua zote.